Kikwembe cha Mama Ndani ya Kompyuta

Jumamosi ile tulikuwa watano nyumbani kwa jirani yetu mwalimu, mtaani Cimpunda: koko, yaani bibi yetu; mdogo wangu wa kiume; kitinda mimba wetu wa kike; mwalimu mwenyewe; na mimi. Nakumbuka hadi harufu ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, zilizokuwa zikikaangwa uani.

Nilikuwa nimeacha shule tangu mama alipomfuata baba kaburini. Kila Jumamosi nilimfulia mwalimu nguo, naye akanifundisha kuandika programu kwenye kompyuta yake kuukuu. Ilikuwa mistari michache tu: fungua dirisha, chagua mahali, ukubwa na rangi kwa kubahatisha, chora duara, rudia mara mia mbili. Siku ile niliwaleta wangu waone.

Maduara yalipojaa, koko alicheka. "Mashini kubwa hivi, inachora maharagi tu?"

"Tukuletee sahani, koko?" mdogo wangu akamtania.

Nikaendesha tena, na tena. Mara ya nne koko hakucheka. Alisogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mungu wangu! Ni kikwembe ya mama yenu, ile ya dimanche. Bleu, na manjano inakimbilia kwa kona."

Mama alifariki kitinda mimba akiwa bado anabebwa mgongoni. Picha hatukuwa nayo hata moja, na kikwembe hicho, kitenge chake cha Jumapili, alizikwa nacho. Kitinda mimba akapanda juu ya kiti aone vizuri. Nami, kwa furaha, nikadhani itatokea nyingine inayofanana zaidi. Nikabonyeza.

Ikapotea.

"Yaya, rudisha ile!" kitinda mimba akanililia mimi dada yake.

"Haiko tena," mwalimu akasema polepole. "Mashini inabahatisha, maman. Haukuiambia ichunge namba ya kuanzia, ile inayorudisha mchoro." Aliniita maman kwa sababu ndimi niliyewalea wadogo zangu.

Nikamwahidi kitinda mimba kwamba nitairudisha. Wewe uliyewahi kulea wadogo unajua ahadi kama hiyo ina uzito gani.

Nyumba ya mwalimu, ile ya mbao, haipo tena. Mwalimu alihamia Kamanyola, koko tumemzika. Siku hizi najua kuhifadhi ile namba, na kila mchoro hurudi nikiuita. Nimechora mamia. Kitinda mimba, ambaye sasa ni msichana mkubwa, huinama begani kwangu na kuuliza, "Yaya, ni hii?"

Wa kujibu alikuwa koko. Mimi kikwembe kile nilikiona kila dimanche, lakini nilikuwa natazama uso wa mama. Deni la kitinda mimba bado sijalilipa.