Asubuhi Wifi Hakugonga Ukuta

Eti niandike. Kwani mdomo wangu umeoza? Habari hii nimeisimulia mlangoni, nimeisimulia kwenye bomba la maji, na bado binti wa ofisi ya mtaa ananiletea kalamu, anataka ikae kwenye karatasi. Kalamu inanichosha kuliko kufua blanketi. Haya, nitaandika, lakini mara moja tu, na asiyeelewa asinirudie.

Nyumba yetu ni ndefu, vyumba vimepangana kama meno, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule. Ukipiga chafya kwako, jirani anakuambia pole kwake. Chumba cha kwanza, upande wa geti, anakaa mpishi wa shule aliyestaafu. Cha pili ni cha Mama Pasi, anayenyoosha nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Mpishi ni dada wa marehemu mume wa Mama Pasi, kwa hiyo ni mawifi, na hata mtaani mpishi tumezoea kumwita Wifi. Cha tatu ni changu, nami sina makuu humu. Cha mwisho kabisa ni cha nesi mstaafu, mwenye simu isiyokosa chaji.

Ugonjwa ulipoingia na watu wakaambiwa wakae ndani, vijana wa kujitolea waligawana mtaa. Wengine walichota maji, wengine walifuata dawa za wazee kliniki, wengine walileta mifuko ya unga, sukari na sabuni. Wanauweka mfuko mlangoni, wanarudi nyuma, wanapaza sauti, "Mzigo huo, mama!" Na kwa kuwa hawakuweza kuchungulia kila mlango kila siku, wakatupa kazi nyepesi. Asubuhi, wa chumba cha kwanza agonge ukuta mara tatu. Wa pili akisikia, amgongee wa tatu, hivyo hivyo mpaka kwa nesi. Hodi ikimfikia nesi, anawapigia simu vijana: wote wazima. Isipofika, wanakuja mbio. Sharti lilikuwa moja: usiposikia, usigonge.

Mwanzo wa hodi alikuwa Wifi. Ana kisukari, anajichoma sindano kila asubuhi, anakula, kisha anagonga kwa mwiko. Mama Pasi anaipokea, anaigonga kwangu kwa kitako cha pasi, nyumba inatikisika.

Pasi ile wakati huo haikuwa na kazi nyingine. Nani anyooshe nguo za kukaa nazo kitandani? Mkaa ulilala kwenye gunia, na njaa ikaanza kumzungukazunguka mwenyewe. Lakini dada wa pikipiki, yule anayetuletea mizigo na dawa, alipoweka mfuko mlangoni pake, Mama Pasi aliusukuma kwa mguu.

"Rudi nao. Mimi nina mikono."

"Mama, kila mtu kapewa."

"Mimi si kila mtu."

Wifi akatoa kichwa mlangoni. "Lete huku, mwanangu. Huyo tumbo likimpigia kelele ataukumbuka." Akaiburuta mifuko yote miwili ndani.

Mama Pasi alivimba. Siku zikapita hajafungua mdomo, mpaka jioni moja Wifi akaita kupitia ukutani.

"Wifi! Umekula?"

"Nimekula nikasaza."

"Umekula nini, mkaa?"

"Kula wewe, mkusanya mifuko ya watu!"

"Mfuko wako upo, sijaugusa. Njoo uuchukue."

"Siutaki!"

"Basi kapike hicho kiburi chako, na usisahau chumvi."

Nyumba nzima ilicheka, chumba baada ya chumba. Mimi pia nilicheka, sikatai. Kicheko kile kilimchoma Mama Pasi kuliko njaa yenyewe.

"Usinigongee ukuta wangu tena!" alifoka. "Umenisikia? Usiuguse!"

Ng'ambo ya ukuta Wifi akaongeza sauti ya redio.

Kesho yake, kama alivyonisimulia mwenyewe baadaye, Mama Pasi aliamka mapema, akakaa kitandani na pasi mapajani kama aliyebeba mtoto. Jua likagusa kizingiti. Redio ya Wifi ilikuwa inaongea, ila mwiko haukulia. Akangoja. Jua likaingia ndani, likafika kwenye meza ya pasi. Hodi hakuna.

Ananinunia, alijisemea. Nimemkataza, naye ananikomoa. Nikinyamaza, vijana watakuja mbio, watamkuta mlangoni anamenya karanga zake, na mtaa mzima utajua tumegombana kama watoto. Akainua pasi, akagonga kwangu mara tatu kwa nguvu zote. Nikaipokea, nikaipitisha. Hodi ikaenda mpaka mwisho, na nesi akawapigia vijana: wote wazima.

Mama Pasi akaketi. Lakini hata pasi hakuiweka chini.

Sasa, Wifi alikuwa na tabia moja. Redio aliipenda, ila alichukia ile saa wanayosoma idadi ya wagonjwa na waliokufa. Kila siku mtangazaji akianza tu, kitufe kinalia, na Wifi anaguna, "Wanatuhesabu kama mbuzi mnadani." Mama Pasi alikuwa anausubiri mguno huo bila kujua kwamba anausubiri.

Mtangazaji akaanza. Akasoma walioambukizwa. Akasoma waliolazwa. Mama Pasi akasimama, sikio ukutani. Zima, Wifi. Akasoma waliopona. Zima basi. Akasoma waliokufa, wote mpaka wa mwisho, kisha akaaga kwa adabu na muziki ukaingia.

Hakuna aliyezima.

Mama Pasi akagonga ule ukuta aliokataza kuguswa. "Wifi." Akagonga tena. "Wifi, acha utani." Akatoka nje na mtandio mdomoni, pasi bado mkononi, akafika mlango wa kwanza. Komeo limefungwa kwa ndani.

"Wifi, nimekuja kugombana. Fungua tugombane vizuri."

Ndani kitu kilikwaruza sakafu, kidogo sana, kama panya. Basi.

 Hapo aliyafahamu yote kwa mara moja: vijana hawaji. Yeye mwenyewe kawazuia. Hodi alishaituma, na katika mpango wetu hakukuwa na namna ya kuirudisha. Akageuka, akapiga kelele zilizotutoa wote milangoni.

"Nimedanganya! Wifi hakugonga! Nimegonga mimi mwenyewe!"

Nesi akaja akifunga barakoa. "Lakini nimeshawaambia wote wazima!"

"Waambie upya!"

Nesi akapiga simu. "Dada wa pikipiki yuko mtaa wa pili, mpaka ageuze..."

Mama Pasi hakumsikiliza. Aliishika pasi kwa mikono miwili, akaubamiza mlango pale penye komeo. Mara ya kwanza ubao ulilia tu. Alizidi kuupiga huku anatukana ubao, anamtukana fundi aliyeutengeneza, anajitukana mwenyewe. Komeo likang'oka.

Wifi alikuwa sakafuni, nusu njia kati ya kitanda na ukuta, mwiko pembeni ya mkono wake. Jasho limemlowesha, ngozi ya baridi, macho yanapepesa bila kutazama kitu.

"Sukari imeshuka!" nesi alisema. "Kajichoma sindano, hajala. Tafuta sukari, umpake ndani ya shavu, kidogo kidogo. Usimmwagie, atapaliwa."

Mama Pasi akaparamia mifuko. Wa kwanza ulikuwa mtupu, umekung'utwa na kukunjwa vizuri. Wa pili ulikuwa na fundo lile lile la vijana. Wifi alikuwa ameishiwa chakula, na kile cha mwenzake hakukigusa. Mama Pasi alilikata fundo kwa meno. Akapiga magoti, akampaka sukari kwa kidole, huku anamsemesha: "Meza, Wifi. Meza, mkaidi wewe. Nani atanitukana?"

Pikipiki ilipofika, ulimi wa Wifi ulikuwa umeanza kulamba. Gari la kliniki likamchukua, na Mama Pasi akazuiwa kupanda, hawakuruhusu msindikizaji. Akabaki getini na sukari vidoleni, hataki kunawa.

Siku zile hakuna aliyelala vizuri. Nesi alipiga simu, akaambiwa subirini. Akapiga tena, subirini. Mama Pasi aliingia kwenye chumba kile cha komeo bovu kila asubuhi, akatazama ukuta, akatoka. Hakuugonga. Hodi sasa ilianzia chumbani kwake, na aliigonga polepole, kama anayeomba.

Kisha Wifi akarudishwa, mwembamba, anashikilia ukuta. Kitu cha kwanza alichoona ni ule mfuko uliofumuliwa.

"Nani kafungua mfuko wa mtu?"

"Mimi," alisema Mama Pasi. "Ni wangu."

"Si uliukataa?"

"Sasa nimeukubali. Kaa chini ule, na hiyo sindano kuanzia leo hujichomi mpaka nione sahani."

"Utaonaje, na kuna ukuta?"

"Nitakuja kukaa hapa nikukodolee macho."

Kesho yake mwiko ulilia mara tatu. Kisha mara nyingine, nyingi, za uchokozi tu.

Nimemaliza, chukueni kalamu yenu. Na wewe uliyekaa unasoma, inuka. Nenda kagonge kwa yule mliyenuniana, na usibanduke mlangoni mpaka akujibu, hata kama ni kwa tusi.