Baraka ya Nyanya Ilivyokwama Kwenye Diski

Kuna aibu ambazo mtu hukaa nazo kimya mpaka zizeeke, lakini hii yangu ilishuhudiwa na nusu ya Kaloleni ya hapa Voi, abiria wa treni na mbwa wa askari, kwa hivyo siwezi kuificha, wacha niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata imetiwa chumvi (na chumvi imeshaingia, kuna mtu anasema nilifungwa pingu, si kweli, nilipigishwa magoti tu).

Binamu yangu Mwadime, mtoto wa Mjomba Mwakio, alipata kazi Qatar, na karatasi zake zikatoka ghafla, leo anaambiwa viza tayari, kesho kutwa awe Nairobi apande ndege. Sasa kwetu Taita mtu haendi safari ya mbali hivyo bila mkubwa wa nyumba kumtasa, yaani kuchukua maji mdomoni, kuyapuliza mbele yako na kukuombea. Nyanya yetu anaishi Chawia, juu mlimani, ni mama wa kanisa kabisa, wa viti vya mbele, lakini kwa jambo hilo hataki mjadala: Mungu ni mmoja na maji ni yake. Na ana sababu. Kaka mkubwa wa Mwadime aliondoka bila kupanda kumuaga, akapotelea huko huko alikokwenda, hata simu hapigi, na Nyanya huamini mpaka leo kwamba alipotea kwa sababu hiyo.

Magoti ya Nyanya hayashuki mlima tena, Mwadime naye hana muda wa kupanda, basi mimi mjuaji nikajitolea kwenda kumrekodi Nyanya kwa simu. Akakubali kwa sharti moja. "Aione kabla hajaondoka, Wakesho. Mtu hutaswa akiwa amekuelekea. Akishakupa mgongo, hayo ni maji ya kumwaga tu."

Ningemtumia Mwadime ile video kwa simu siku ile ile, mambo yangeisha na leo mngekuwa mnacheka mtu mwingine. Lakini nilitaka sifa. Nikasema hapana, kutakuwa na sherehe ya kumuaga kwa Mjomba, nitaileta laptopu, nitaazima projekta, tutatundika shuka nyeupe, Nyanya atokee mkubwa ukutani watu walie. Simu yangu ilikuwa imejaa, nikaihamisha video kwenye diski yangu ya nje, ile ya kuchomeka kwa waya, nikaifuta kwa simu. Kuinakili kwenye laptopu yenyewe? Wee, ya nini, si nitaichezesha moja kwa moja kutoka kwenye diski!

Siku ya sherehe watu wamejaa uani, pilau imeliwa, sanduku la Mwadime liko mlangoni, na Mjomba anaangalia saa kila akimeza mate kwa sababu treni ya Nairobi inataka mtu afike stesheni mapema mizigo ikaguliwe. MC akatangaza, "Sasa dada yetu Wakesho, mtaalamu wa kompyuta, atatuonyesha jambo." Nikasimama kwa madaha. Joto la Voi mnalijua, kwa hivyo nilikuwa nimechukua kile kidude cha matundu mengi, kinachogawa tundu moja la laptopu kuwa manne, nikachomeka kipanya, kifeni cha kupoza laptopu, kitaa cha kumulika, halafu na diski. Nikabonyeza video.

Kimya. Kile kiduara kikaanza kuzunguka. Nikabonyeza tena, kikazunguka. Nikabonyeza kila kitu kilichokuwa mbele yangu, maana mimi kungoja siwezi, nikianza kungoja mkono unaniwasha. Nikalaumu projekta, nikaichomoa na kuirudisha, bado. Nikalaumu antivairasi, labda inakagua zile filamu zangu zote mle kwenye diski, nikajaribu kuizima, dirisha lenyewe la kuizimia likakataa kufunguka. Nikazima laptopu na kuiwasha, ikakaa na kioo cheusi mpaka watoto wakaanza kutengeneza sungura wa vivuli kwenye shuka. MC akaanzisha pambio, likaisha, akaanzisha lingine, ndipo ikawaka, nami nikaanza kubonyeza kila kitu upya, kikazunguka vile vile.

"Wakesho," Mjomba akaniita, sauti ya chini ile mbaya, "hiyo mashine inapika nini?"

"Inakuja, Mjomba."

"Inakuja kutoka wapi? Treni nayo inakuja."

Ndipo pasta akainuka. Jamani, pasta akaweka mkono juu ya laptopu yangu akakemea roho ya uzito na ucheleweshaji, na watu wote uani wakanyoosha mikono kuielekea, mimi katikati nimefumba macho natokwa na jasho, na mama mmoja aliyekuwa amezidiwa na maombi akarudi nyuma akaikanyaga waya ya diski ikachomoka. Laptopu ikaruka kama imetoka usingizini! "Haleluya!" watu wakapaza sauti. Lakini kumbe yale niliyokuwa nabonyeza bonyeza hayakupotea, yalikuwa yamepanga foleni, sasa yakafunguka yote kwa pamoja juu ya shuka: picha zangu nimebinua midomo kwenye kioo cha bafu, na juu yake, kwa herufi kubwa, swali nililokuwa nimeuliza mtandao wiki ile, "dalili za mwanaume ambaye hana nia ya kuoa".

Watu uani walicheka mpaka pasta akageukia ukuta. (Mwanaume mwenyewe ni wa Bomeni kule Taveta, na jibu nimeshalipata, msiniulize.) Na ubaya ni kwamba video yenyewe haikuwepo, kwa sababu ilikuwa kwenye diski na diski ilikuwa chini miguuni. Nikaichomeka tena. Laptopu ikafa tena. Nikichomoa inakimbia lakini haina Nyanya. Nikichomeka Nyanya yumo lakini haisogei. Nilitaka kulia.

Mjomba hakungoja zaidi. "Twende," akamwambia Mwadime. Mwadime akaniangalia, hakunikasirikia hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Akasema tu, "Utamwambia Nyanya nilijaribu." Gari likaondoka.

Nimwambie Nyanya nini? Kwamba wa pili naye ameenda hivyo hivyo, na safari hii ni kwa sababu yangu? Kukaa pale sikuweza. Nilitazama kioo nikaona jina la video limetokea, kiduara bado kinazunguka lakini jina lipo, na akili yangu ikaniambia ukifunga laptopu sasa hivi utaanza upya. Basi sikuifunga. Nikaikumbatia ikiwa wazi, kidude cha matundu nimekibandika nyuma ya kioo chake kwa utepe wa gundi, waya zinaning'inia, kifeni kinavuma, kitaa kinawaka, diski inapepesa taa nyekundu, nikapanda boda. "Stesheni, na usinisemeshe!"

Sasa nyinyi jiwekeni mahali pa askari. Mko langoni pa stesheni, watu wamepanga mizigo chini kwa mstari mbwa ainuse, mara mwanamke anashuka kwenye boda mbio, nywele zimesimama, amekumbatia kitu chenye waya kinachovuma na kupepesa taa nyekundu, anapiga kelele "Mwadime! Usipande!"

"Simama! Weka chini! Piga magoti!"

Watu walitawanyika kama kuku. Nikaweka, nikapiga magoti kwenye ile lami ya moto, mbwa akaja akanusa laptopu, akaninusa mimi, akapiga chafya. Askari akauliza hiki nini. Nikamwambia ni nyanya yangu. (Msicheke, ndilo jibu lililotoka.)

"Chomoa hivi vitu kimoja kimoja, pole pole, halafu uniwashie nione kama ni kompyuta."

Nikachomoa kipanya, nikachomoa kifeni, kitaa, na kile kidude chenyewe cha matundu. Ikabaki diski peke yake, nikaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Na ikafunguka. Papo hapo! Kumbe diski ilikuwa inanyimwa umeme siku nzima, inagawana tundu moja na feni na taa, inaamka inazimia, inaamka inazimia, na laptopu imekaa inaingoja.

Sauti nilikuwa nimeiweka mwisho kwa ajili ya sherehe. Nyanya akatokea akaanza kuomba kwa Kidawida, lugha yetu ya Taita, stesheni nzima ikamsikia.

"Anasema nini?" askari akauliza.

"Anambariki binamu yangu."

"Tafsiri tusikie."

Nikatafsiri kwa sauti, nimepiga magoti. Kwamba Mwadime aende, njia iwe nyeupe, kazi ya mikono yake isiliwe na mwingine, alale salama kwa watu asiowajua. "Na huyu Wakesho anayenishikia simu," Nyanya akaendelea, nami nikanyamaza, askari akanikazia macho, ikabidi niseme, "Mungu ampe utulivu, maana ana haraka ya kuku na hata mume hatamngoja."

Walicheka, bila shaka walicheka. Lakini mimi nilikuwa naangalia ule mstari wa mizigo. Mwadime alikuwa amesimama kando ya sanduku lake, amegeuka, ametuelekea, kofia mkononi na kichwa ameinamisha. Nyanya akachukua kikombe, akajaza maji mdomoni, akayapuliza kwenye kioo, na Mwadime, akiwa mbali kule, akajipangusa uso kwa kiganja.

Jioni Nyanya alipiga simu. Hakuuliza habari za laptopu wala za sherehe, aliuliza tu kama maji yalimfikia. Nikamwambia yalimfikia, nimeona kwa macho yangu. Akashusha pumzi ndefu akakata simu bila kuaga. Mimi nimeapa: kitu cha mtu nitakikabidhi kwa mwenyewe siku ile ile niliyokipokea, na sifa wachukue wengine.