Nilipeleka familia park ya michezo mara ya kwanza, nikafungiwa hewani pamoja na mama mkwe

Wakuu, salamu kutoka Tawa, Makueni.

Mimi ni mmoja wa wale wa kusoma nyuzi za wengine na kupita kimya. Leo nimeingia kuandika kwa sababu nimejaa hadi shingoni, nisipoyatoa nitapasuka. Nitayaleta yalivyokuwa, pamoja na zile sehemu mke wangu amesema nisiziandike.

Likizo ya shule ikikaribia, watu huuliza humu: nataka kupeleka familia park ya michezo Nairobi, ni mara ya kwanza, nijipange vipi? Wanaojibu ni wale wanaoenda kila mwezi. Sasa msikilizeni mtu aliyeenda mara moja, akakosea karibu kila kitu, na amerudi na furaha ambayo hajui aiweke wapi.

Kwanza mjue tulikuwa nani.

Mimi nina agrovet ndogo, duka la mbegu, mbolea na dawa za mifugo, hapa sokoni. Mke wangu Mumbua ni mjamzito, miezi sita. Binti yetu Mwende ana miaka saba. Halafu kuna Susu, yaani nyanya yake Mwende, mama mkwe wangu, anayeishi Kibwezi.

Susu hakuwa kwenye mpango. Mpango ulikuwa wa watu watatu. Lakini tangu tumzike baba mkwe mwaka jana, huyo mama alikuwa amejifungia. Haendi sokoni. Kanisani anakaa kiti cha nyuma na kuondoka kabla ya matangazo. Ukimpigia simu anasema yuko sawa, basi. Mumbua alikuwa akitoka kumtembelea Kibwezi analia njia nzima.

Jioni moja akaniambia, "Twende na mum. Sitaki kitu ingine, nataka tu nimuone akicheka. Hata kama ni mara moja."

Nikasema sawa. Kisha nikakaa chini nikafikiria, nikaona nimejiingiza mtegoni mwenyewe.

Kwa wale wasio wa kwetu: Ukambani kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima, na ni haya, kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Humkazii macho. Humshiki mkono. Huli mbele yake, na hamkai kiti kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anapisha.

Vijana wengi wameiacha, na pasta wetu husema si lazima. Lakini Susu ni wa zamani, na mimi nimelelewa na watu wa zamani. Katika miaka minane ya ndoa tulikuwa hatujawahi kuongea moja kwa moja. Salamu zake kwangu zinapitia kwa Mumbua, zangu kwake zinapitia kwa Mwende. Tuliishi vizuri hivyo, bila ugomvi hata siku moja.

Sasa mchukue mtu kama huyo umpeleke mahali ambapo kazi ni kubananisha watu kwenye viti vidogo na kuwazungusha!

Alikuja siku moja kabla, akalala kwa jirani, maana kulala kwangu haiwezekani. Asubuhi tukaingia Probox niliyoazima kwa kaka yangu. Susu akakaa kiti cha nyuma. Nikaona kila nikiangalia lori lililo nyuma yetu nakutana na macho ya mama mkwe, basi kile kioo cha ndani nikakigeuza juu. Kutoka Kyumbi hadi Nairobi niliendesha kwa vioo vya pembeni na maombi. Msifanye hivyo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa nguo. Nilivaa suti. Cheka tu, mkuu, lakini akilini mwangu safari na mama mkwe ni kama harusi. Susu naye alivaa gauni la kanisa na viatu vya kisigino kifupi. Tulipofika, kila mtu ana raba na kaptura. Ilipofika saa sita, ile suti ilikuwa jiko. Vaeni vitu vyepesi, raba miguuni, kofia kwa watoto. Mambo ya kupendeza yaachieni picha za kanisani.

Kosa la pili ni chakula, na hili lilikuwa karibu kutuvunjia siku getini.

Susu alikuwa ameamka alfajiri jikoni kwa jirani. Chapati. Mayai ya kuchemsha. Muthokoi hotipoti nzima, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe. Themosi ya chai. Kufika getini askari akafungua mfuko, akatikisa kichwa.

"Chakula ya nje hairuhusiwi, mama."

Susu akamtazama. "Hii si ya nje. Nimepika ndani ya nyumba."

Askari akacheka, lakini hakubadilisha msimamo. Akatuambia tuirudishe kwa gari. Susu akauliza, kupitia Mwende, kama muthokoi itakaa kwa gari lililofungwa juani hadi jioni. Wote tulijua jibu. Na mtu aliyeishi Kibwezi miaka ya ukame hatupi chakula, hata umshikie bunduki.

Ikabidi tule kila kitu pale kwenye maegesho kabla ya kuingia. Saa tatu na nusu asubuhi, wakuu. Na kwa sababu siwezi kula mbele ya mama mkwe, nilizunguka nyuma ya gari na sahani yangu, nikala nimechuchumaa na suti karibu na tairi. Watoto wa watu wanapita wananiangalia. Mwende ananiletea chapati ya pili, anatangaza kwa sauti, "Susu amesema umalize!"

Kwa hivyo pigeni simu kwanza, muulize habari za chakula. Nyingi ya hizi park haziruhusu, isipokuwa cha mtoto mchanga.

Tukaingia. Wee! Nisiwafiche, nilipoona yale mavitu yakipaa na kusikia watu wanapiga mayowe, moyo wangu uliruka kama wa mtoto. Mwende aliruka hadi kiatu kikamtoka. Alitaka kitu kimoja tu: lile gurudumu kubwa linalobeba watu hadi juu wanaona mji wote.

Hapa nikafanya kosa la tatu. Badala ya kwenda huko moja kwa moja, nikasema tuanze na vidogo vidogo. Tukapanga foleni ya vikombe vya kuzunguka, foleni ya farasi wa mbao, foleni ya magari ya kugongana. Kufika saa saba, foleni ya gurudumu imezunguka kibanda cha soda mara mbili. Anzeni na kile mtoto anakitaka zaidi, asubuhi, watu wakiwa bado wachache.

Muda huo wote Susu alikuwa kwenye benchi, mkoba juu ya magoti. Tukimuuliza kama anataka kitu anasema, "Niko sawa." Hakuangalia mchezo hata mmoja. Halafu akamtuma Mwende aniulize tunarudi saa ngapi.

Nikaona uso wa Mumbua. Alikuwa amepanga siku hiyo kwa miezi, na sasa anaona mama yake anahesabu masaa ya kurudi kujifungia. Roho iliniuma sana.

Tukafika mbele ya foleni. Kuna ubao wa kupima watoto. Mimi nilikuwa nimempima Mwende nyumbani kwa tepu na akapita vizuri. Shida ni kwamba alikuwa amesukwa na nywele zimefungwa fundo juu, na nilipima hadi kwenye fundo. Kijana wa mashine akalibonyeza lile fundo kwa mkono, mtoto akapungua mbele ya macho yangu. Ikawa hawezi kupanda bila mtu mzima. Wakuu, pimeni mtoto bila viatu na bila mtindo wa nywele.

Mumbua hawezi, bango linasema wajawazito hapana. Nikabaki mimi. Na sasa aibu yenyewe ndiyo hii: mimi naogopa mahali pa juu. Hata gunia la mbolea likiwa rafu ya juu dukani, naita mtu.

Mwende akaona uso wangu, akapiga kelele kuelekea benchi, "Susu! Siendi bila wewe!"

Susu akasema hapana. Mwende akaanza kulia, machozi ya kweli, si ya maigizo. Susu akakaa kidogo, akashika mkoba wake, akainuka.

Nikapanga haraka. Susu na Mwende waingie kibanda kimoja cha gurudumu, mimi nipande kinachofuata, maana mama mkwe kwenda juu nami nibaki chini ni aibu zaidi. Wakaingia. Nikarudi nyuma.

"Boss, ingia," akasema kijana wa mashine.

"Mimi nangoja ile ingine."

"Si nyinyi ni family? Kaa na mtoto wako. Unashikilia laini."

Watu nyuma wakaanza, "Ingia bana! Tumechomeka na jua!"

Nikaingia. Akafunga komeo. Mlango mdogo kama wa banda la kuku, viti viwili vinatazamana, magoti yangu na ya mama mkwe yakiwa umbali wa kiganja. Kutoka chini namsikia Mumbua anacheka huku ameshika tumbo.

Tukaanza kupanda. Susu akavuta leso ya kichwani hadi machoni, akaangalia kulia. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

"Baba, mbona huangalii nje?" Mwende akauliza. "Susu, mbona umejifunika?"

Tulipofika juu kabisa, gurudumu likasimama ili wengine wapakiwe chini. Upepo ukaja. Kibanda kikayumba.

Nilipiga yowe. Si la mwanamume, nisiwadanganye. Nikafunga macho, nikarusha mkono na kushika kitu cha kwanza nilichopata.

Kilikuwa mkono wa Susu.

Nikajua nimeharibu. Nikaamuru vidole viachie, vikakataa. Halafu nikasikia sauti na kiti chake kinatetemeka, nikafikiri nimemliza mama wa watu.

Alikuwa anacheka.

Alicheka hadi leso ikaanguka mabegani. Mwende naye akajiunga bila kujua Susu anacheka nini.

"Baba Mwende," akasema. Miaka minane, wakuu, na sikuwa nimewahi kuitwa na huyo mama. "Fungua macho. Ukifunga ndio inazunguka zaidi."

"Siwezi, mwaitu," nikamjibu, yaani mama.

"Aiee! Mwana wakwa, mtoto wangu, wewe ni kama marehemu mzee wangu kabisa." Akavuta pumzi. "Hiyo tangi ya maji ya kwetu, miaka yote ni mimi nilikuwa napanda kuosha. Yeye anashika ngazi huko chini, amefunga macho hivyo hivyo, anauliza, 'Umefika? Umefika?' Na mimi bado niko step ya pili!"

Akacheka tena, na machozi yakaanza kutoka bila kicheko kuisha. Tangu mazishi hakuwa amemtaja huyo mzee mbele ya mtu yeyote. Safari yote ya kushuka alimsimulia Mwende habari za babu yake, jinsi alivyoogopa ngazi, jinsi alivyoogopa bata. Mkono wangu hakuutoa. Mahali fulani nikafungua macho, nikaona Nairobi yote, na Mumbua chini kabisa, mdogo, ametuinulia simu.

Tulipotoka, Susu akaweka mkoba wake kwenye benchi bila kuniangalia, akamshika Mwende mkono, na wote wawili wakarudi mwisho wa foleni kupanda tena.

Mumbua akanishika mkono wa suti. "Nimemsikia," akasema. "Nimemsikia kutoka huku chini." Akalia, na mimi nikalia kidogo, nikisingizia jua.

Msidhani nthoni iliishia hapo. Njia nzima ya kurudi tulinyamaza kama kawaida, na jioni alilala tena kwa jirani. Nami sitaki iishe, ni heshima yetu.

Nilichojifunza: mkipanga safari kama hii, hesabuni mapema nani atakaa na nani, hasa mkiwa na wakwe. Na mtu mzima akikaa kwenye benchi akisema yuko sawa, msimbembeleze nyinyi. Mtumeni mtoto.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Jana nikiwa dukani, simu yangu ikalia, namba ya Susu. Hajawahi kunipigia mimi. Nikajua kuna msiba, nikapokea nimesimama.

"Baba Mwende. Hii tangi haijaoshwa tangu tumzike mzee. Nilikuwa sina mtu wa kunishikia ngazi. Kuja Jumamosi."

Akakata.

Wakuu, Jumamosi naenda Kibwezi. Waliowahi kupelekana na wakwe mahali kama hapo, shusheni visa vyenu tucheke pamoja. Na kama kuna anayejua kushika ngazi bila kufunga macho, aniandikie hapa chini kabla ya Ijumaa.