Niliizima Simu Ili Niuone Uwanja wa Timu Yangu

Admin, nifichie jina kabisa, maana huku Bungoma na Kitale watu wote ni mashemeji, nikijulikana nimekwisha. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na moja, mkulima karibu na Mabanga, nina mke na watoto wanne. Najua wengine mtanitukana hapo chini. Tukaneni, lakini someni mpaka mwisho kwanza.

Nina bakoki wangu, yaani tulitahiriwa msimu mmoja. Kwetu bakoki ana ruhusa ya kukutania kwa jambo lolote, hata matangani, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Yeye alikuwa na duka Kiminini. Kitu kilichotugombanisha ni kimoja tu, mpira wa Uingereza. Yeye timu nyekundu ya London, mimi timu ya bluu ya London hiyo hiyo. Tulitukanana miaka na miaka bila kuchoka.

Miaka ile ya elfu mbili, simu zikiwa bado za kubonyeza, kampuni moja ya soda ilileta shindano la vifuniko. Bakoki akashinda safari ya watu wawili kwenda London kutembezwa kwenye viwanja na makumbusho ya timu hizo mbili. Angeweza kumchukua mkewe. Angeweza kumchukua kaka yake mkubwa. Alinichukua mimi, akasema, "Nataka uone makombe na macho yako, uache kelele."

Siku ya kwanza ilikuwa yake. Tuliingizwa vyumba vya kubadilishia nguo, tukakaa kwenye viti vya wachezaji wa akiba, kisha makumbusho. Kila kombe ndani ya kioo alisimama akanisomea mwaka wake kwa sauti. Mbele ya jezi moja kuukuu alilia kabisa, mwanamume mzima mwenye duka. Nilimvumilia kutwa nzima, nikijiambia kesho ni yangu.

Kesho yake asubuhi tukiwa hotelini simu yangu ikalia. Kati yetu wawili, laini yangu ndiyo ilishika kule. Alikuwa kaka yake, anapiga kutoka nyumbani. "Mama amelemewa. Anamuita tangu jana. Mpe simu halaka." Bakoki alikuwa bafuni, namsikia anaimba.

Nilifikiri upesi. Huyu akisikia atataka kurudi leo, na yule mtu wa kampuni alishatuambia kwamba tunatembea pamoja, mmoja akirudi anarudi na mwenzake. Makombe yake nimeyaona yote, yangu niyakose? Nikasema, "Nimemwambia. Anasema amalize kuona uwanja kwanza, atapiga jioni."

Kaka mtu akauliza, "Ati amesema hivyo?"

"Ndiyo, bana. Si unamjua." Nikazima simu.

Ule uwanja niliuona. Nilipita njia wanayopita wachezaji mpaka kwenye nyasi, nikapigwa picha na kila kombe, na bakoki ndiye aliyenishikia kamera, anacheka, ananiuliza, "Haya masufuria mlinunua soko gani?" Nilifurahi. Sitawadanganya, nilifurahi sana. Jioni nilipowasha simu nikakuta ujumbe: mama ametutoka mchana. Nikamwambia habari imeingia sasa hivi.

Siku ya mazishi kaka yake alisimama mbele ya watu. "Mama aliuliza mala tatu kama mtoto wake amepiga simu. Nikamwambia ukweli, amesema amalize kuona uwanja wa mpila kwanza. Mama akageukia ukuta. Hakuongea tena."

Mimi sikujua kwamba maneno yangu yalifikishwa kwa mgonjwa. Bakoki akaruka juu. "Maneno gani hayo? Mimi sikuambiwa kitu!" Kisha akanigeukia. "Bakoki, tulikuwa wote. Waambie."

Nikasimama, watu wote wananiangalia. Nikasema, "Kwani nyinyi hamumjui huyu? Hili jeneza mngelipaka rangi nyekundu angelipigia makofi!"

Watu wakacheka, maana aliyesema ni bakoki wake. Hata yeye alicheka, machozi yakimtoka, ameniangalia tu, anangoja nimalize utani niseme ukweli. Nikakaa chini.

Alikatazwa kutupa udongo kwenye kaburi la mama yake. Jioni hiyo nikampoza, nikamwambia kaka yako hakupiga simu hata mara moja, anatafuta njia ya kukunyima shamba. Akaniamini. Hawajaongea tangu hapo. Yeye alihamia Kitale, na mimi kila nikipeleka mahindi mjini nakula kwake, mkewe ananipakulia kabla ya watoto.

Sasa uzee unabisha hodi na bakoki anataka kujenga kwao, kwa sababu huku kwetu mtu asiye na nyumba kwao hahesabiwi. Kaka yake amekubali, kupitia kwa wazee, kwa sharti moja: asimame kwenye kaburi la mama yao, ukoo wote ukisikia, aombe msamaha kwa yale maneno. Wiki iliyopita akanipigia simu. "Bakoki, mimi nimechoka na hii vita. Sikusema hivyo, na wewe unajua sikusema. Lakini nitakubali nilisema, nimuombe mama msamaha, yaishe. Wewe kuja tu usimame karibu na mimi, nisianguke."

Ni Jumamosi hii. Nikifungua mdomo nitampoteza yeye, wazee watanifukuza, na mke wangu atajua ameishi na mtu wa namna gani. Nikinyamaza, mambo yanaisha na hakuna atakayejua milele. Na niseme ukweli hata kama mtanichukia: alipokata simu ile nilimshukuru Mungu. Halafu nikajiogopa.

Ndugu zangu, nimemwahidi nitakuja. Nikiwa pale, aanze kuomba msamaha wa maneno yangu, mimi nifanye nini?