Nilimwekea mama mkwe mtarajiwa Linux isiyo na icon hata moja, posa ikasimama

Wakuu, habari za majukumu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na zile sehemu zinazonidhalilisha nimeziacha kama zilivyo. Anayetaka kucheka acheke, mimi nilishaanza.

Kwa msionifahamu, nina stationery Wilaya ya Lushoto. Photocopy, printing, passport size, kuchapa barua, na pembeni natengeneza kompyuta. Tena ni mtu wa Linux, ule mfumo wa kompyuta unaowekwa badala ya Windows. Siyo wale wa kuonja, ni wale wa kuandika command kwenye screen nyeusi huku mteja anahisi unaiba benki. Nilikuwa naamini kabisa kwamba mtu anayetegemea mouse bado hajakua.

Sasa kuna binti wa Mlalo, wilaya hiyohiyo, nimwite Upendo. Ni fundi cherehani, ana kibanda chake sokoni. Sisi wawili tulishakubaliana, walibaki wazazi.

Mama yake ni katibu kwenye ofisi ya usharika mmoja hukohuko. Matangazo ya Jumapili, barua za utambulisho, vyeti vya ubatizo, vyote vinapita mikononi mwake.

Siku moja Upendo akanitajia kwamba kompyuta ya mama imekuwa nzito. Wanakwaya wamechomeka flash zao mpaka imejaa virusi.

Wakuu, niliona mbingu zimefunguka. Nafasi ya kumpendeza mama mkwe kabla hata barua ya posa haijafika!

Upendo akaniombea ufunguo wa ofisi, nikapanda Mlalo Jumamosi. Mama mwenyewe alikuwa msibani.

"Mama kasema uifanye iwe nyepesi tu," Upendo akaniambia.

Hilo neno "tu" mimi sikulisikia.

Nikahifadhi mafaili yote pembeni, nikafuta kila kitu, nikaweka Linux. Ngoja niwe mkweli hapa. Zipo Linux za kawaida kabisa, zina menu, zina icon, bibi yako anaweza. Mimi hizo niliziona za watoto. Nikaweka ileile ninayotumia mwenyewe.

Haina menu. Haina icon. Ukiwasha unakutana na screen tupu ya kijivu, na kila kitu ni keyboard. Ukifungua dirisha moja linajaa screen nzima, ukifungua la pili yanagawana nusu kwa nusu, la tatu linamega tena.

Lakini spidi sasa! Ilikuwa inawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Nikaprinti shortcuts zote, yaani vitufe vya kubonyeza badala ya mouse, kurasa mbili, nikazifanyia lamination, nikaziweka juu ya keyboard. Nikashuka dukani kwangu Lushoto mjini napiga mluzi.

Jumatatu yake barua ya posa ikapelekwa. Mshenga wangu alikuwa mjomba Hoza, mwalimu mstaafu anayeishi Mlalo. Mjomba huyu ukimkosea salamu anaweza kukaa kimya mpaka kesho.

Kwenye familia ile, posa ikishaingia, kijana hakanyagi alipo mama. Hampigii simu, hamtumii hata meseji, mpaka jibu litoke. Kila neno linapita kwa mshenga.

Nililijua hilo vizuri sana. Ila kichwani mwangu posa na kompyuta vilikaa kwenye folda mbili tofauti.

Jumatano mjomba akapiga.

"Mjomba, vipi, kuna nini?"

Kimya.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Onga mshi, mwanangu," akaongeza salamu ya Kisambaa. "Nimeitwa hapa ofisini kwa mama. Anasema kompyuta imekufa."

"Haijafa mjomba, ndivyo ilivyo. Mpe simu nimwelekeze."

"Nimpe nani simu? Wewe si una posa humu ndani? Niambie mimi, nitamwambia yeye."

Hapo ndipo nikajua kwamba Jumapili ni kipaimara. Ratiba ya ibada na majina ya watoto wote vilitakiwa viwe vimechapwa kufikia Jumamosi.

Basi tukaanza huduma kwa wateja kupitia mshenga. Nikasema abonyeze kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na Enter, terminal ifunguke, ile screen nyeusi ya command, nimtajie command ya kufungua programu ya kuandikia. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa njia rahisi, wakuu. Mnaona ugonjwa wenyewe.

Nikamsikia mjomba anafikisha ujumbe: "Mama, kijana anakusalimu sana. Anaomba, kwa heshima ya nyumba hii na kama haitakuwa usumbufu, ubonyeze kitufe hiki, na hiki pamoja. Usiviachie mpaka nikuambie."

Hiyo "usiviachie" aliiongeza yeye. Ualimu haustaafu.

Sasa kwenye mfumo ule, ukivishikilia vitufe hivyo, terminal zinafunguka mfululizo.

"Kuna visanduku vyeusi vinaongezeka," mjomba akasema. "Mama anasema kioo kimegawanyika kama shamba la marehemu, kila mtoto kapata tuta moja."

"Mwambie aachie!"

"Sema vizuri."

"Naomba, mjomba, tafadhali, umwombe mama aachie."

Mpaka ombi langu linafika na heshima zake zote, mashine ikawa imeganda.

Tukarudia mara tatu. Mara ya nne mjomba akasema mama ameshika daftari na kalamu, na amesema ahsante.

Nilikata simu nimenuna. Nikamwambia mteja aliyekuwa anasubiri photocopy kwamba watu wazima na teknolojia ni shida. Naandika hivi naona aibu.

Ijumaa mjomba akaingia stationery amevaa koti, bahasha mkononi. Nikajua jibu hilo. Kumbe ndani ni ratiba nzima ya kipaimara na majina ya watoto wote, kwa mwandiko wa mama, mistari imenyooka utafikiri kachapa. Ameomba tumchapie.

Nikachapa nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilipomaliza, mjomba akasimama. Ujumbe wa ukwe haufikishwi umekaa.

"Mama anasema hivi. Kijana alikuja, akakuta meza yangu ya kazi, akaipanga anavyopenda yeye, akaondoka. Hakuniuliza mezani hapo nafanya nini. Sasa anamtaka binti yangu. Je, naye atampanga anavyopenda yeye?"

Nikajifanya napanga karatasi ambazo zilishapangika.

"Posa imesimama," mjomba akamalizia, akachukua karatasi zake akaondoka.

Wakuu, siku ile niliumia. Nilikuwa nampenda Upendo, bado nampenda, na nilikuwa nakaribia kumkosa kwa sababu ya ujuaji. Na kibaya zaidi, mama wa watu alikuwa sahihi.

Wiki iliyofuata nikamtuma mjomba na ombi la msamaha na swali moja: mama, kompyuta unaitumia kwa kazi gani?

Jibu lilirudi kwenye karatasi ya daftari. Kuchapa matangazo. Kuprinti. Kutafuta cheti cha zamani kwa jina la mtoto. Flash za kwaya zisimletee balaa. Na saa iwe kubwa, macho yamepungua nguvu.

Yaani ndiyo hayo tu. Ningeuliza mapema ningejua kwa dakika tano.

Nikaruhusiwa kwenda siku ambayo mama hayupo, mjomba kakaa mlangoni utafikiri anasimamia mtihani. Nikaweka Linux ya kawaida yenye menu. Icon mbili kubwa, moja Matangazo, nyingine Vyeti. Saa kubwa. Flash ikichomekwa inakaguliwa yenyewe.

Na hapa ndipo nilipopata somo la kitaalamu. Ile ya kwanza, ngumu ya kujidai, niliiweka kwa saa moja. Hii rahisi ilinila siku nzima: printer ya zamani ilinigomea, vyeti nikavipa majina kimoja kimoja, ile ya kukagua flash nikaiandika mara tatu. Ugumu wote uliokuwa kwa mama ilibidi niubebe mimi. Nilirudi nyumbani mgongo unauma.

Wiki tatu zikapita. Mjomba akapiga, nikaanza na shikamoo kabla hata hajapumua.

"Marahaba. Wamekubali."

Nilipiga kelele mpaka wa duka la jirani akaja kuchungulia.

"Sijamaliza," mjomba akasema. "Mama anasema, sisi tumeulizwa, tumejibu. Upendo ameulizwa anataka kuishi wapi?"

Nilishapanga vyumba viwili kule Lushoto mjini, mpaka madirisha nimepima ya mapazia. Upendo nilikuwa nampa taarifa tu, na yeye anaitikia.

Jioni ile nikampigia, nikamuuliza. Akasema, "Nilikuwa nasubiri uulize. Wateja wangu wako Mlalo. Mama yangu yuko Mlalo. Mimi sitaki kushuka."

Wakuu, tulishafunga ndoa, na mwezi uliopita mashine ya photocopy ilipanda Mlalo kwenye Canter, imefungwa na godoro isigongwe. Stationery yangu sasa inatazamana na kibanda cha mke wangu.

Nilichojifunza ni hiki: mfumo mzuri ni ule wa mtu anayeutumia, na hutamjua mpaka umuulize na umsikilize mpaka mwisho. Kwenye ndoa ni hivyohivyo, tena huko hakuna kuformat uanze upya.

Haya, uwanja ni wenu. Watu wa Linux mniponde taratibu. Na wewe mwenzangu uliyewahi "kumsaidia" mzazi kompyuta au simu bila kumuuliza, njoo useme ilikuwaje, usiniache peke yangu.