Kichekesho Kabla ya Muhuri

Mwanzoni mtafiti alimdhania karani wa lango mpiga soga tu. Alikuwa amekuja na shahada zake mbili kupima jinsi bandari kavu ile inavyolisha maduka ya nchi tatu, na katika daftari lake karani huyo alikuwa kikwazo cha kwanza: dakika mbili za porojo kwa kila lori. Muhuri ulining'inia shingoni mwake kwa kamba ya kiatu. Vidole vyake vinene, vyenye wino wa zambarau hadi kwenye kucha, vilipiga ngoma mlangoni mwa lori, kisha sauti ikapaa: "Shemeji! Kaka yako kanunua saa ya kumwamsha. Sasa kila alfajiri namwamsha mimi, aizime!" Dereva akavunjika mbavu, muhuri ukatua pa!, lori likaondoka. Na mtafiti, kwa aibu yake, alicheka kwa lori la ishirini kama alivyocheka kwa la kwanza.

Ndipo likaja la mbegu za mahindi, tani thelathini, zikisubiriwa ng'ambo ya mpaka na mvua zimeshaanza. Dereva alisikiliza, akajibu, "Mpe hongera." Karani akautumbukiza muhuri kifuani. "Shemeji, wewe umelala macho wazi. Zima gari."

"Dada, wakulima wanangoja mbegu!"

"Wanazingoja shambani, si mtaroni. Kalale!"

Mtafiti akaandika: hasara. Kesho yake mlinzi alimweleza kwamba dereva alilala saa tisa mfululizo chini ya trela, akaamka, na kabla hata hajanawa uso, akaangua kicheko: "Eti aizime!"