Shingo Iliyopinda

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la sufi pale Malindi, nilidhani nimeajiriwa kuuza tu. Tajiri wangu, mama wa Kihindi tuliyemwita Bi Mkubwa, akanitia mkononi sindano mbili zilizoungwa kwa waya.

"Keti, binti. Hapa hauzi uzi mtu asiyejua kuufuma."

Nyinyi wa masweta ya mashine, sikilizeni. Sweta la mtoto tulilifuma kwa mviringo, kuanzia shingoni kushuka chini, bila mshono wa kumkwaruza. Unaanzisha vitanzi, unaviunga viwe duara, halafu unazunguka tu, ukiongeza vitanzi mabegani. Na msiniulize sweta la nini kwenye joto hili. Pwani yetu mtoto mchanga hatoki nje bila sweta na kofia, hata jua liwe la utosi.

Tulichokiogopa ni vitanzi kujipinda kwenye waya kabla ya kuungwa. Hapo sweta zima hupinda, na dawa yake ni kufumua lote.

Siku moja akaja mama kutoka bara, mfanyakazi wa hoteli. Keshokutwa yake alikuwa anampeleka mwanawe kwa nyanyake, kwenye baridi ya milimani, na kila sweta lilimkwama mtoto kichwani. Kichwa chenyewe kilikuwa kichwa kweli! Bi Mkubwa akaianza shingo mwenyewe, akanipa niendelee.

Sikufika mbali nikaona imepinda. Macho ya Bi Mkubwa yalishaanza kuona ukungu, na hakuna aliyewahi kuikosoa kazi yake. Nikinyamaza, mtoto atasafiri bila sweta. Nikisema, huenda nikarudi kwetu Kibarani bila kazi. Niliogopa sana.

"Bi Mkubwa, niwie radhi. Shingo imekaa upogo."

Akaipapasa kwa kidole, polepole.

"Nani kakufunza kumwambia mkubwa maneno hayo?"

"Ni wewe, Bi Mkubwa. Ulisema kazi mbovu haitoki dukani."

Akanitazama, kisha akacheka. "Haya, fumua. Na uianze wewe."

Nilifuma kwa uzi mnene siku hiyo na ya pili yake. Jioni mama akarudi, sweta likapita kichwani bila taabu, mtoto akatuchekea. Mama akapiga vigelegele mpaka wapita njia wakasimama.

"Nimshukuru nani?" akauliza.

Bi Mkubwa akanishika bega. "Huyu hapa. Ndiye fundi wa duka hili."

Sasa nimestaafu, vidole vinaniuma, na bado naringa. Nilikuwa fundi, wanangu, tena fundi hasa!